Marehemu Mwenye Pumzi

Jumamosi jioni, barazani kwa mwalimu mmoja mstaafu pale Ilala, nilimuua Zuhura mbele ya kadamnasi na watu wakacheka.

Mwanzoni walitulia vizuri, vikombe vya kahawa mkononi, nami nasoma mswada wangu kwa sauti ya mtu anayetangaza tanzia. Zuhura kachomwa kisu cha ubavu na shemeji yake, kalala kwenye sakafu ya saruji, damu inachuruzika hadi kizingitini. Akafumbua macho. Akamsamehe shemeji. Akamuusia mwanawe asiache shule. Akaeleza chanzo cha ugomvi wa shamba la Mkuranga, tangu enzi za babu yao. Alipofika kwenye suala la hati, kijana mmoja pembeni akanong'ona, "Marehemu ana pumzi huyu!" Baraza zima likaangua kicheko. Mzee mmoja alipaliwa na kashata, ikabidi apigwe mgongoni.

Nikasubiri watulie, maana Zuhura alikuwa bado na kurasa mbili za kusema. Nesi mmoja, aliyepitia hapo akitoka zamu, akanyoosha mkono kwa adabu.

"Samahani kaka. Hicho kisu kimeingia wapi?"

"Ubavu wa kulia."

"Kimetoboa pafu?"

Nikaona pafu linaongeza uzito wa msiba. Nikasema ndiyo.

"Basi huyo anatafuta hewa, kaka. Neno moja, anahema. Neno la pili, anahema. Kwenye hati hafiki."

Wakacheka upya, safari hii hata wale walionionea huruma mwanzo.

Mwenye baraza, ambaye amefundisha fasihi tangu sijazaliwa, akasema kosa si la pafu, ni la taharuki. Nilimsikiliza kwa chuki, na kadiri alivyoendelea chuki ikaanza kunoga. Taharuki, alisema, ni hesabu ya nani anajua nini. Msomaji akijua kwamba kahawa ina sumu na mhusika hajui, kila funda linakuwa refu kuliko sura nzima. Mhusika akijua na msomaji hajui, kila neno linakuwa mtego. Wakijua wote sawasawa, hiyo ni ripoti ya polisi. Wasipojua wote wawili, aliyepotea ni mwandishi. Akamtaja Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyetuletea mpelelezi Bwana Msa na kiko chake katika *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960. Maiti ya humo haisemi neno, alisema, ndiyo maana kila mtu anaitegea sikio.

Kisha akahamia kwa fanani wa ngano, na hapo hata kahawa yangu ilipoa. Fanani anaziona nyuso za watu. Akiona macho yanalegea, anaingiza wimbo. Hadhira inaitikia, usingizi unakatika, na zimwi linapata muda wa kukaribia. Mwandishi haoni uso wa mtu. Kwa hiyo anaikata sura pale mlango unapogongwa, na gazeti linaandika "Itaendelea" pale pale kitasa kinapozunguka. Wiki ijayo mlango unafunguka, kumbe ni paka. Paka huyo anasameheka mara moja, labda mbili. Mara ya tatu aingie mwenye panga kweli, la sivyo msomaji anahamia kwenye ukurasa wa michezo.

Elimu hii ikishakuingia haikupi raha tena. Mama mkwe wangu hajasoma kitabu chochote cha nadharia, lakini akisimulia nani kafumaniwa mtaani hatamki jina mpaka chai imiminwe, sukari ikorogwe na mlango urudishwe. Siku hizi namsikiliza huku nahesabu vijiko.

Mikasa mingine ya ufundi huu ni midogo. Shangazi alijiona katika mchawi wa hadithi yangu ya pili, hanisalimii. Nilikuwa nikibuni busu ndani ya daladala, nikapitilizwa hadi Gongo la Mboto.

Pamoja na somo lote hilo, Zuhura sikumfupisha. Mwanamke aliyenyamazishwa na ukoo mzima kwa ajili ya shamba, halafu siku ya kufa nimpe neno moja na kuhema? Nilichofanya ni kukihamishia kisu pajani. Nesi amenithibitishia kwamba paja linaruhusu maongezi, ila yasizidi.

Nikapeleka mswada kwa mchapishaji. Hakuuliza habari ya pafu wala paja. Aliuliza, "Hiki kitaingia shuleni?" Nikasema Zuhura ana mpenzi. Akanirudishia bahasha, akaniambia kama nina haraka nilipie uchapaji mwenyewe.

Hapo kicheko kinaniishia. Soko letu la riwaya ni darasa: kitabu kikiteuliwa kwa mtihani kinauzwa, kisipoteuliwa kinalala ghalani na panya. Ndiyo maana wahusika wetu wengi wanaongea kana kwamba mkaguzi wa elimu kakaa nyuma ya pazia. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971 ikapigwa marufuku shuleni. Shaaban Robert, ambaye kila mgeni rasmi humtaja akitaka kupigiwa makofi, alifariki mwaka 1962; *Utubora Mkulima* na *Siku ya Watenzi Wote* vilisubiri hadi mwaka 1968 kuchapishwa. Na kitabu kikibahatika kutoka, nakala moja inanunuliwa, ishirini zinatolewa kopi kwenye kibanda cha steshenari jirani na chuo.

Ufundi wa hadithi unafundishika, hata kwa kuchekwa. Wa kumlisha mwandishi bado sijakutana na mwalimu wake. Kwa hiyo, ndugu msomaji, rafiki yako akikwambia ametoa kitabu, usimwombe nakala ya bure yenye sahihi. Muulize bei, na umlipe.