Taazia za Mlimani

Katika mwaka wa 1891 bwana mmoja wa Uskoti, jina lake Hugh Munro, aliketi akaiorodhesha milima yote ya nchi yake yenye kimo cha zaidi ya futi 3,000, yaani kiasi cha mita 914, na tangu hapo watu wa huko, wenye siha na wasio nayo, wamejitwika faradhi ya kuipanda mmoja baada ya mmoja, nayo kwa hesabu ya leo ni 282, kisha kushuka pasipo kuleta kuni, wala makaa, wala hata shina la muhogo. Na Munro mwenyewe alifariki mwaka wa 1919 hali orodha yake hajaimaliza. Mambo haya nisingeyajua abadan, wala nisingetamani kuyajua, lau si binamu yangu aliyekaa Glasgow miaka mingi kwa ajili ya masomo, akarejea Uvira na shahada moja, koti jeusi la mvua, na maradhi hayo.

Sisi wa Uvira milima hatuitafuti. Yenyewe ndiyo iliyotusukuma hata tukakaribia kutumbukia ziwani. Mji wetu umejinyoosha juu ya ukanda mwembamba baina ya maji ya Tanganyika na miguu ya Mitumba, na ikifika alasiri jua hutupotea nyuma ya milima ilhali wenzetu wa Bujumbura, huko ng'ambo, wangali wakianika nguo. Fauka ya hayo uso wa ziwa lenyewe u mita 773 juu ya bahari, jambo nililomdhihirishia binamu kwa kalamu na karatasi: ya kwamba mlima wa Munro uliotimiza sharti lake ungeishia hapa kwetu mita 141 tu juu ya mitumbwi, na kwamba Ben Nevis, sultani wa milima ya Uskoti kwa mita zake 1,345, kilele chake kingekuwa mahali ambapo mama zetu hulima muhogo kisha wakarudi nyumbani kupika. Akanijibu kwamba kimo si hoja, hoja ni matembezi. Nikamkumbusha kwamba hata David Livingstone, Mskoti halisi mzaliwa wa Blantyre, alipokuja pande hizi za kaskazini pamoja na Stanley mnamo Novemba 1871, alikuja kwa mtumbwi, ameketi, ili ahakikishe kama mto Ruzizi unaingia ziwani ama unatoka, na alipokwisha kuona kuwa unaingia alirudi zake Ujiji. Hoja hii nayo haikufaa kitu, kwani mtu aliyekwisha kununua fimbo mbili za kupandia milima hasikii hoja.

Basi tukaondoka alfajiri, katika kiangazi cha mwaka mmojawapo wa utulivu (miaka hiyo si mingi, na msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa sababu), binamu akiwa amevaa lile koti la mvua katika mwezi wa Julai, ambapo mbingu ya Uvira haina hata wingu la kukopa, kwa kuwa, alisema, mlimani hali ya hewa haiaminiki. Simu yake, aliyoijaza ramani, ilipokea mara tu tulipopita nyumba za mwisho ujumbe wa kutukaribisha Burundi, ikaendelea kutukaribisha kila tulipogeuka kona, hata nikaanza kuona haya kwamba hatuendi.

Buti zake zilikuwa za ngozi njema ya Ulaya, lakini zilikuwa zimelala sandukuni tangu arejee, na joto la Uvira lilikuwa limekwisha kufanya kazi yake juu ya gundi kimyakimya. Kwa hiyo, tulipofika penye changarawe, soli ya mguu wa kulia ikafumbua kinywa kuanzia kisigino, ikawa kila hatua inapiga chini, chapa, kisha inarudi juu, chapa, na baada ya kitambo ikabaki imeshikilia nchani mwa vidole tu, ikimtangulia. Kijana mmoja aliyekuwa akishusha mbao alisimama, akatua mzigo, akakata kipande cha mpira wa baiskeli alichofungia mbao zake, akauzungusha juu ya buti na chini ya soli, akapiga fundo, akajaribu kwa kidole kama umekaza, na alipotolewa faranga akazikataa, akisema yeye hamtozi mtu mwenye shida. Neno hilo tulilipuuza, kumbe lilikuwa dalili.

Maana haukupita muda tukapitwa na mama mmoja wa makamo, mguu mtupu, mgongoni ana kapu la chumvi, sabuni na ndagala wakavu lililoning'inia kwa ukanda wa kipajini, naye akipanda huku akizungumza bila ya kuhema. Akapunguza mwendo kwa adabu, akatusalimu.

"Munaenda wapi, bapapa?"

"Juu," akasema binamu.

"Kufanya nini kule yulu?"

Hapa binamu akaanza kumfasiria ladha ya matembezi, siha ya moyo, na uzuri wa kulitazama ziwa kutoka mbali, naye mama akamsikiliza kwa huruma, akiliangalia koti jeusi, na buti iliyofungwa, na mimi, ambaye kwa kukosa pumzi nilikuwa nimeinama nimeshika magoti wala siwezi kutamka neno. Kwetu mtu mzima asiye na shamba wala biashara huupanda mlima kwa mahari au kwa kifo, na sura zetu hazikuwa za mahari.

"Poleni sana, bapapa," akasema. "Mungu atawatia nguvu."

Ningemsahihisha lau ningekuwa na pumzi. Na mbele kidogo nikashukuru kwamba sikuwa nayo, kwani palikuwa na kizuizi, na askari wawili waliotaka kujua raia wenye fimbo za chuma na ramani wanakwenda kufanya nini huko juu. Binamu akajibu kwa ukweli kabisa kwamba tunakwenda kileleni, kisha tunarudi. Jibu hilo lilizidisha shaka. Ramani ikapekuliwa, fimbo zikavutwa zikarefuka, zikasukumwa zikafupika, na mazungumzo yalikuwa yanaelekea mahali ambapo aghalabu huelekea, mama alipotufikia tena (alikuwa amekaa kupumzika kwa ajili yetu, nadhani) akasema, "Muwaache, wamefiwa." Wakatuacha. Mmoja akavua kofia.

Binamu alinikanya kwamba tunanufaika kwa uongo. Nikamwambia kwamba mimi sikusema kitu, na ushahidi upo.

Kwenye kitongoji cha kwanza habari zilikwisha kutangulia. Wazee walisimama, tukapewa mikono miwili miwili, tukaketishwa juu ya gogo, tukaletewa maharage na bugali, na kila mmoja aliuliza kwa upole marehemu alikuwa nani, swali ambalo binamu, kwa kutotaka kudanganya, alilijibu kwa kunyamaza na kutazama chini, akazidi kuonekana mtu aliyevunjika moyo. Kilele hatukukiona. Haikuwezekana kuinuka penye taazia kama zile na kusema tunaendelea na tafrija. Na kweli maharage yalikuwa mazuri. Nyuma ya nyumba palikuwa na jiwe moja pana, limelainika kwa nyayo, ambalo juu yake pekee simu hupata mtandao wa Kongo, na watu walipokezana kulipanda, wakinong'ona, wakituangalia, kisha wakishuka. Hilo nililiona, wala sikulitia maanani.

Tulishuka jua lilipokwisha kupotea, binamu akiegemea fimbo zote mbili na bega langu, na tulipoingia mtaani tukakuta turubai limetandwa mbele ya nyumba yangu, chai inachemka katika sufuria ya kukodi, na jirani yangu mmoja mzee ameketi na daftari la michango, majina yakiwa yamekwisha kujaza ukurasa. Mke wangu alinipokea mlangoni akiuliza ni nani aliyekufa, maana amekwisha kulia lakini hajui amlilie nani. Binamu akaeleza, safari hii kwa kifupi. Watu wakanywa chai kwanza, kisha wakarudishiwa michango yao mmoja mmoja kwa kufuata daftari, wakacheka wakaenda zao. Akabaki mwenye viti, aliyesema kwamba yeye hukodisha viti, si maiti, na viti vikishatoka ghalani vimetoka.