Kesi ya Droo la Sonara

(Usiku, ndani ya duka la sonara, Gongoni, Tabora. Dalali ameacha sarafu tatu kwenye droo. Asubuhi atarudi na mnunuzi kutoka Dar es Salaam, mkusanyaji wa fedha za kale. Juu ya meza ametulia Mizani.)

HELA: Shikamooni, wazee wangu.

REALE YA SHAM: Marahaba. Sogea huko, mjukuu, kutu yako isinipake. Mimi ndimi Maria Theresa, mtawala wa Austria. Mwaka 1780 huu hapa mgongoni.

REALE YA MZINGA: Na mimi ni Mhispania, fedha ya migodi ya Potosí! Tazama nguzo zangu mbili. Watu wa pwani walizidhania mizinga, wakaniheshimu.

HELA: Karibuni kwetu. Mimi mzaliwa wa hapa hapa Tabora, 1916. Mjerumani alibanwa na vita, sarafu za Ulaya hazipiti, akaanza kutugonga mwenyewe. Ninayo herufi T, ni ya Tabora. Mwaka huo huo, tarehe 19 Septemba, Wabelgiji wakauteka mji.

REALE YA SHAM: Shaba tupu! Utoto wako uliishia njiani.

HELA: Kweli, Bibi. Ndugu yangu wa rupia 15 alipata bahati: dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kachorwa tembo. Leo wazungu wanamgombea mnadani. Mimi nilikuwa kabari ya mguu wa meza.

REALE YA SHAM: Sisi tulinunua pembe za ndovu kwa frasila. Tajiri wa Unguja hakulala bila kutuhesabu.

HELA: Unguja, sawa. Hapa Unyanyembe je? Burton na Speke, wasafiri Waingereza, walipoingia Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, mizigo ya wapagazi wao ilikuwa merikani, shanga na masango ya waya. Hongo ya watemi ilikuwa nguo. Chakula cha msafara kilinunuliwa kwa nguo na shanga. Wewe ukifika bara ulipelekwa wapi?

REALE YA SHAM: (kwa sauti ndogo) Kwa sonara.

HELA: Kufanya nini?

REALE YA SHAM: Kuyeyushwa. Wenzangu wengi wameishia bangili.

REALE YA MZINGA: Ha! Mtawala mzima anavaliwa mkononi!

HELA: Bibi, nimeona maandishi ubavuni mwako. Yanasemaje?

REALE YA SHAM: Kilatini hicho, mwanangu. Haki na Huruma.

HELA: Na mtu aliyefungwa mnyororo, akatembezwa kutoka huku mpaka Bagamoyo, akavushwa kuuzwa Unguja kabla soko halijafungwa 1873, bei yake ilihesabiwa kwa nini?

REALE YA SHAM: Kwa reale.

HELA: Ndiyo maana maneno yale wakayaandika ubavuni. Usoni yangesomwa.

MIZANI: Basi, inatosha. Kila mmoja apande kwangu, maana mdomo hauna uzito. Mzinga, tangulia.

REALE YA MZINGA: Mimi tena? Mhispania hapimwi!

MIZANI: Reale ya Hispania hukaribia gramu 27. Wewe una 20. Halafu usoni umeandikwa CAROLUS IIII, na mwaka 1815. Mfalme huyo alikiacha kiti 1808. Aliyekutengeneza hakusoma historia.

REALE YA MZINGA: Labda... njaa ya safari.

HELA: Debe tupu haliachi kutika.

REALE YA SHAM: Nilijua! Nipime mimi, Mizani. Gramu 28 na ushee.

MIZANI: Kweli, 28 na ushee. Katika sehemu 1000, fedha ni 833. Hilo naliapia popote. Umri wako ndio siuapii.

REALE YA SHAM: Mjane haulizwi umri!

MIZANI: Mwenye sura hiyo alifariki Novemba 1780. Wafanyabiashara wa Mashariki walikataa sura nyingine, basi Vienna ikaendelea kukugonga kwa mwaka ule ule. Mnamo 1935 Mussolini akachukua mihuri yako, ukagongwa Roma. Waingereza na Wafaransa hawakukubali kuachwa: ukatoka London, Paris, Brussels, Bombay, hata Birmingham. Vienna wanakuchapa mpaka leo. Huenda huyu mtoto wa 1916 ni mkubwa wako.

HELA: Basi hiyo shikamoo naiomba irudi.

REALE YA SHAM: Mbona dalali amesema mimi ni wa 1780?

MIZANI: Kwa mnunuzi, ndiyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Havitoki nchini bila kibali. Mnunuzi akitaka kukupeleka nje, uwanja wa ndege dalali huyo huyo ataapa kwamba umetengenezwa juzi. Sokoni bibi, forodhani kigoli.

REALE YA SHAM: Na jana alinisugua kwa dawa ya meno ning'ae.

MIZANI: Kakuharibia. Mkusanyaji anayejua kazi hulipia ule weusi wa miaka. Aliyesuguliwa hushuka bei.

HELA: Hukumu ni ipi, Mzee?

MIZANI: Mzinga ni tapeli, aondoke. Bibi ni fedha halali, auzwe kwa uzito wake mpaka mtu athibitishe alikogongwa. Hela ana cheti cha kuzaliwa kisicho na utata, asirudishwe chini ya meza. Na wewe mnunuzi, kabla hujafungua pochi: pima, hesabu lulu tisa kwenye bizimu ya Bibi, soma ubavu, muulize dalali sarafu imetoka nyumba gani. Usilipie mwaka ulioandikwa. Hata mwongo anajua kuandika 1780.