Simu Yangu, Macho ya Watu

Nasema wazi, na muuza simu akitaka kununa anune: simu ya kioo kikubwa hununuliwa na mtu mmoja, ikatumiwa na ukoo mzima pamoja na abiria wasiojulikana walikotoka. Mimi mwenye risiti kazi yangu ni kuiwekea bando, kuichaji na kuibeba.

Na kuibeba si mchezo. Nokia 3310, ile iliyotoka mwaka 2000, ilikuwa na gramu 133 na ikianguka unaiokota, unapachika betri, maisha yanaendelea. Hii yangu imepita gramu 200. Ikikuponyoka usiku umelala chali unaangalia magoli ya jana, inakutua usoni. Ukiamka asubuhi na alama kwenye paji la uso, nyumbani unaulizwa ulikuwa wapi.

Kuna wakati dunia ilikuwa na akili zake. Samsung walipotoa Galaxy Note mwaka 2011, yenye inchi 5.3, watu walicheka kwamba jamaa anaweka ubao sikioni. Steve Jobs mwaka mmoja kabla yake alishasema simu usiyoweza kuizungushia mkono hakuna atakayeinunua. Mwaka 2014, mwenyewe akiwa keshatangulia mbele ya haki, kampuni yake ikatoa ya inchi 5.5. Leo ukienda Kariakoo ukaomba simu ya inchi 5.3, kijana wa dukani anakuuliza ni ya mtoto wa darasa la ngapi.

Halafu inchi zenyewe zina ujanja. Hupimwa kwa mshazari, kona ya chini mpaka kona ya juu ya upande wa pili, kama wanavyopima TV. Kwa hiyo mtengenezaji akiirefusha tu simu bila kuipanua, inchi zinapanda na bei inapanda. Kinachobaki chini ni gumba langu, ambalo Mungu alilipima zamani na hajalifanyia maboresho. Vitu vyote vya maana vimewekwa juu kabisa, kidole kisikofika. Wenyewe wanalijua tatizo: wameweka njia ya kukishusha kioo chini ili mkono mmoja ukifikie. Maana yake nimelipia inchi, kisha nikapewa namna ya kuzikunja.

Mfuko ndio usiseme. Nilimpelekea fundi cherehani suruali aniongezee kina cha mfuko. Akaupima, akaniangalia, akauliza, "Bosi, hapa unataka kuweka nini, panga?" Nikamwonyesha simu. Akaita wenzake waje waone. Ukiiweka mfuko wa nyuma huwezi kukaa, ukiiweka wa mbele huwezi kukunja goti, na kanzu nayo siku ya Ijumaa inavutwa upande mmoja hadi watu wanadhani nina ugonjwa wa nyonga.

Hayo yote ningevumilia kama simu ingekuwa yangu. Nikivuka tu kizingiti jioni, inatoka mkononi. Watoto wanayo katuni yao ambayo, kwa maelezo yao, "kwenye simu ya mama haionekani vizuri." Ninarudishiwa wameshalala, betri ikiwa nyekundu na kioo kikiwa na mafuta ya maandazi. Kwenye shughuli za familia ndiyo balaa zaidi. Mama mkwe akishavaa vizuri haiti mpiga picha, anaita, "Baba, hebu lete hiyo yako kubwa." Ndiyo maana katika picha zote za ukoo mimi simo. Nipo nyuma ya kioo, naambiwa nirudi hatua mbili, hapana tatu. Baadaye kila aliyepigwa anadai, "Nitumie zangu." Bando la nani? La mwenye simu kubwa.

Lakini ukitaka kuujua unyonge wangu wote, panda na mimi daladala la Gongo la Mboto jioni. Mmebanana, mkono mmoja umeshika bomba, wa pili umeshika simu. Hakuna pa kuificha. Ukiishusha inamgusa aliyekaa, ukiinua inakuwa TV ya gari. Na kwa vile macho yangu siku hizi hayataki kusumbuliwa na herufi ndogo, nimeyakuza maandishi mpaka mwisho. Maneno sita yanajaza kioo. Konda akiwa ananing'inia mlangoni anasoma ujumbe wangu wote na bado anaita abiria wa Tazara.

Juzi ukaingia ujumbe wa kamati ya harusi. Anaoa mtoto wa mjomba. Waliowahi kuwa kwenye kamati wanajua: mweka hazina hana haya, anabandika orodha nzima, jina, ahadi, alichotoa, salio. Nikafungua bila kufikiri. Jina langu likajaa kioo kama la mgombea: ahadi laki mbili, ametoa elfu thelathini. Nikaanza kuisogeza orodha haraka haraka, sauti ikatoka nyuma ya bega.

"Usikimbize, kaka. Harusi yenyewe lini?"

Nikajikuta najibu. "Jumamosi ijayo."

Yule bwana, sijawahi kumwona tangu nizaliwe, akapiga hesabu kwa vidole vyake. "Bado laki moja na sabini. Hapo pagumu."

Mama aliyekaa chini yangu, amepakata mkoba wake na wa mwenzake, akanyoosha shingo. "Mrudishe juu kidogo nione. Huyu wa juu yake si ameahidi elfu hamsini na kamaliza? Unaona sasa? Mtu anaahidi kwa kipimo chake." Kijana mwenye mkoba wa laptopu akasema kwao kadi ya watu wawili wanakubali laki, nijaribu kuongea na mwenyekiti. Mwingine akauliza ukumbi ni upi. Tulipofika Banana, kamati ya pili ilishaundwa ndani ya gari, na konda akanirudishia chenji yangu kwa heshima ya msiba, akisema, "Tunza hiyo, kaka, utaihitaji."

Nilishuka kituo kimoja kabla ya changu.

Mama yangu yuko Muheza na kitochi chake. Kinakaa kwenye pindo la khanga, chaji anaweka Jumapili mpaka asahau ilikuwa Jumapili ipi, na hakuna binadamu aliyewahi kusoma ujumbe wake, kwani hata yeye hausomi. Nikaona nimfanyie wema. Nikampigia, nikamwambia, "Mama, mwisho wa mwezi nakuletea simu kubwa kama yangu, uwe unatuona sura."

"Ina tochi?"

"Ina tochi, mama."

"Redio?"

"Redio unayo, na picha juu."

"Chaji inakaa wiki?"

Nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba inakaa mpaka jioni, ukiwa huigusi.

Akavuta pumzi. "Basi mwanangu, hizo hela usiniletee mimi. Mpelekee mjomba wako. Binti wa hapa jirani, yule mwenye simu kama sinia, kanionyesha jina lako. Bado laki moja na sabini."