Kijani Kimegoma

Mwenye mkahawa mmoja mjini Meru aliniagizia vikombe vya kijani. Si kijani cha hivi hivi, alisisitiza kwenye simu, bali kile cha jani la mgomba linapofunguka asubuhi baada ya mvua. Ili nisije nikakosea, alikata jani lenyewe, akalikunja ndani ya gazeti, akampa dereva wa matatu aniletee Embu. Jani likapita Nkubu, likapita Chuka na Runyenjes, likashinda steji hadi mchana. Liliponifikia lilikuwa na rangi ya ugoro. Basi rangi tuliyokuwa tukiitafuta ikabaki kichwani mwa mteja peke yake, na huko ndiko ilikozidi kung'aa kila alipopiga simu.

Mgeni atashangaa: kijani kinakosekanaje Embu? Ukitazama juu ni chai ya Manyatta, ukitazama chini ni muguka wa Mbeere. Lakini mimi na mwenzangu wa ufinyanzi tunachomea kwa gesi, katika tanuri tunalolipandisha hadi karibu nyuzi 1,300, na kabla ya kufika huko tunalibana pumzi. Tunaziba sehemu ya tundu la moshi ili gesi iungue bila hewa ya kutosha. Moto wenye njaa hiyo hunyang'anya oksijeni popote inapopatikana, hata ndani ya glezi, ile ngozi ya kioo inayofunika chombo. Kwa rangi nzito za kahawia na nyeusi, moto huu hauna mpinzani. Ukiuomba kijani, unakununia.

Chukua shaba. Kwenye tanuri lenye hewa tele, shaba hutoa kijani bila kubembelezwa. Kwenye letu hunyang'anywa oksijeni na kuwa nyekundu. Mafundi wa China walihangaika vizazi na vizazi kuipata nyekundu hiyo, wakachomea wafalme. Mimi niliyekuwa naikimbia ilinijia tanuri zima. Tena shaba ikishika moto mkali haitulii mahali ulipoipaka. Hupaa kama mvuke na kutua kwa jirani, na jirani siku hiyo alikuwa vikombe vyeupe vya mwenzangu, vilivyolipiwa tayari. Vilitoka na mashavu ya pinki. Mwenzangu ni mzee wa kanisa, hatukani. Alivitazama, akatoka nje, akarudi na kuniuliza kwa upole kama gesi ya wiki hiyo nitailipa peke yangu.

Nikahamia kwenye chuma. Chuma kidogo mno, asilimia moja au mbili, kikibanwa hewa hutoa kijani cha upole chenye kina, ndicho kile cha bakuli za Longquan, China, zilizovuka bahari hadi pwani yetu. Vipande vyake vimefukuliwa Gedi, ambako matajiri wa karne ya 14 na 15 walijivunia kula katika bakuli hizo. Nilituma picha Meru pamoja na historia hiyo yote. Jibu lilikuja upesi: “Ni kizuri, lakini ni kama umekitia maziwa.”

Aliyebaki ni kromi. Huyu hana siasa. Umpe hewa, umnyime, atatoka kijani tu. Ila kijani chake ni cha jangle ya askari, kizito, kisicho na mwanga. Kikombe cha kwanza nilimwonyesha jirani, akauliza kama nimepata tenda ya serikali. Nikashauriwa kuongeza zinki ili king'ae. Kromi na zinki wakikutana hutoa kahawia. Nikajaribu jivu la maganda ya mpunga kutoka Mwea na jivu la kuni: kijani kilijitokeza, kikatiririka hadi chini, kikakigandisha kikombe kwenye rafu ya tanuri, tukakibandua kwa patasi. Vitabu vinasifu pia glezi za bariamu kwa rangi zake kali. Bariamu kaboneti ni sumu ya panya. Mimi natengeneza vya kunywea chai.

Shosho yangu, aliyefinyanga vyungu Mbeere na kuvichoma kwa kuni peupe bila glezi yoyote, alikuja kuona kinachonikondesha. Aligeuza kikombe cha jangle, akakigonga kwa kucha, akasikiliza. “Kimeiva,” akasema. “Sasa unalia nini?” Nikamweleza habari ya rangi. Nikamtajia hata Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi anayejulikana duniani kote, ambaye vyungu vyake havina glezi; husuguliwa na kuachiwa moto. “Huyo ana akili,” akasema Shosho, na kuomba chai.

Kilichoniokoa ni rangi ya kiwandani: manjano ya praseodimi iliyofungiwa ndani ya zirkoni, ambayo moto wenye njaa hauigusi kwa urahisi, nikaichanganya na buluu kidogo. Tanuri lilipofunguliwa, jani la mgomba lilikuwa mbele yetu. Bei ya kopo lile la unga sitaitaja, maana mke wangu husoma gazeti.

Mwenye mkahawa alikuja mwenyewe. Alikiinua kikombe kimoja juani, akakizungusha, akaridhika kabisa. Vizuri hivi, alisema, haviwezi kupewa wateja wavunje. Vitakaa kwenye kabati la vioo nyumbani kwake, wageni waone. Kwa ajili ya mkahawa alichukua vile vya pinki, tena kwa punguzo, kwa sababu vilikuwa na kasoro.