Mhadhara wa Mvuke kwa Wasioujua Mvuke

Mheshimiwa mwenyekiti, ambaye ni mimi. Mheshimiwa mweka hazina, ambaye amechelewa. Mabibi na mabwana, pamoja nanyi mlioingia humu mkidhani ndipo penye mkutano wa chama cha akiba na mikopo: karibuni. Mkutano wenu uko chumba cha pili, lakini kwa kuwa mmekwisha kuketi, ketini kabisa. Mikopo ipo kila siku.

Mimi ni mtaalamu wa garimoshi. Cheo hiki nilijipa mwenyewe, baada ya kutafuta kwa muda mrefu mtu mwenye elimu ya kutosha kunitunuku, nikamkosa.

Nianze kwa kuondoa uchafu mezani. Leo sitazungumzia treni za dizeli zinazoondoka Syokimau kwenda Mombasa. Injini ya dizeli ni sanduku. Inanguruma, inaondoka, na abiria hajui ndani mna nini, hata akiambiwa mna mbuzi wawili wanaopigana ataamini. Injini ya mvuke haifichi kitu. Moto unachemsha maji, mvuke unabanwa, unaingia kwenye silinda, unaisukuma pistoni, pistoni inasukuma fito, fito zinazungusha magurudumu, na fito hizo ziko nje mchana kweupe ambapo mtoto wa miaka minne anaziona na kuzielewa. Mvuke ukishatumika unatolewa kupitia dohani, na huko ndiko kunakotoka ile sauti ya chafu-chafu. Mtu akikuuliza kwa nini watu wazima wenye kazi na kodi za kulipa wanasafiri hadi Uingereza kusimama kwenye mvua pembeni mwa reli, mwambie hivyo. Asipoelewa, mwache. Ni mtu wa masanduku.

Sasa tufike kwenye kiini. Ukitoka stesheni ya Nairobi ukaingia makumbusho ya reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971, utakutana na injini mbili za daraja la 59: nambari 5918, iitwayo Mount Gelai, na 5930, iitwayo Mount Shengena. Vueni kofia. Zilitengenezwa 34 tu, katika kiwanda cha Beyer, Peacock huko Manchester, mwaka 1955 na 1956, kwa ajili ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na kila moja ikapewa jina la mlima wa kwetu. Uzito tani 252. Urefu zaidi ya mita 31. Magurudumu 28, ambayo kati yake 16 ndiyo yanayovuta. Katika reli zote za mita moja duniani, hakuna injini ya mvuke iliyowahi kuzishinda nguvu.

Mama pale mbele anatikisa kichwa. Unauliza moyoni, mama, kitu cha mita 31 kilipindaje kona za Mazeras? Swali zuri, ingawa hukuliuliza. Mwaka 1907 Mwingereza Herbert Garratt aliomba hataza ya wazo ambalo mimi, kama ningalizaliwa mapema, ningalilipata kabla yake. Injini ya kawaida hubeba boila juu ya magurudumu, kwa hiyo boila ikinenepa inagombana na magurudumu. Garratt aliligawa zigo. Magurudumu na silinda akaziweka kwenye vipande viwili, kimoja mbele chini ya tangi la maji, kingine nyuma chini ya tangi la mafuta. Boila akaining'iniza katikati, ikiwa imeegemea vipande vyote viwili kwa bawaba. Chini yake hamna gurudumu hata moja, basi inaweza kunenepa itakavyo. Ya daraja la 59 ina kipenyo cha zaidi ya mita mbili, juu ya reli yenye upana wa mita moja! Na injini ikifika konani, mbele inapinda kivyake na nyuma kivyake. Ndivyo mzigo wa tani 1,200 ulivyopandishwa kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi.

Wapo watakaonitajia Mallard ya Waingereza, iliyokimbia kilomita 203 kwa saa tarehe 3 Julai 1938, rekodi ambayo hakuna mvuke ulioivunja hadi leo. Naiheshimu. Lakini muwaulize ilikuwa ikielekea wapi. Ilikuwa ikiteremka! Na ikavuta mabehewa saba tu, na ilipomaliza beringi moja ilikuwa imeungua. Kuteremka hata pipa linateremka.

Ndiyo, mzee wangu pale nyuma. Naona mkono. Shikamoo.

Unasema ulikuwa fayamani wa 59. Njia ya Mombasa. Sawa. Makofi kwa mzee, tafadhali, ila yawe mafupi, muda wetu si mwingi.

Unasema picha yangu hii ukutani, yenye moshi mweusi tii unaofunika nusu ya mbingu, ni picha ya fayamani mzembe. Mzee, kwa heshima zote, hii ndiyo picha bora katika mkusanyiko wangu. Huu moshi ni pumzi ya historia. Unasema nini? Kwamba injini zile zilichoma mafuta mazito, si makaa; kwamba kazi yako ilikuwa mkono mmoja kwenye vali ya mafuta, jicho moja kwenye kioo cha maji na jingine kwenye dohani; kwamba moshi mweusi ni mafuta yanayopotea bila kuungua, na dereva Singasinga aliyeing'arisha shaba ya injini yake kama sinia za harusi angekukaripia mpaka Voi. Kwamba dohani ya mtu anayejua kazi hutoa ukungu mwepesi tu, karibu usiuone.

Mzee, hilo ni jambo la kiufundi. Sisi wapenzi tuko kwenye jambo la kiroho. Huko Ulaya wapenzi hukodi treni nzima, wakashuka porini na kamera, treni ikarudi nyuma, kisha ikapita tena mbele yao ikifuka moshi kwa makusudi, kwa sababu wamelipia. Ungewaambia nini watu hao? Kwamba wamelipia uzembe?

Bado umesimama. Unasema upo moshi mmoja mweusi wa halali: pale mlipotupa mchanga ndani ya tanuri huku mvuke umefunguliwa, mchanga ukavutwa kwenye mabomba ya boila na kukwangua masizi, ukatoka nayo juu. Mzee, mchanga huwekwa chini ya magurudumu ili yasiteleze. Hata mtoto anajua. Yote mawili? Hm. Nilikuwa nakaribia kulisema hilo. Liko ukurasa unaofuata.

Ndugu zangu, hapa pana funzo la kitaaluma. Mzee huyu ni mtu wa thamani, lakini ana kasoro moja kubwa: alikuwa ndani. Aliye ndani ya injini haioni injini. Anaona geji, anaona jasho, anaona saa ya kufika Makindu. Je, aliwahi kusimama mbali akaitazama ikipita katika jua la saa kumi na moja jioni? Amekiri mwenyewe kwamba hapana, alikuwa kazini. Basi nani anaijua zaidi?

Simba wa Tsavo? Kila mahali naulizwa simba. Simba hawana magurudumu. Lakini lile behewa ambamo simba alimnyakua ofisa wa polisi Charles Ryall pale Kima mwaka 1900 limo makumbusho, na nawasihi mkifika msipoteze muda dirishani. Inameni mtazame ekseli.

Nimalizie kwa modeli, tawi ambalo nina mchango wa pekee. Kipimo kinachopendwa zaidi duniani ni 1 kwa 87. Kwa kipimo hicho injini ya 59 inakuwa na sentimita 36 hivi, na tani 252, ukizigawa kwa 87 mara tatu kama kanuni inavyodai, zinabaki gramu 380. Nimeipima yangu kwenye mizani ya duka. Iko sahihi, ingawa mwenye duka alinitoza. Tatizo ni njia. Kilomita 530 za Mombasa hadi Nairobi, kwa kipimo hicho hicho, ni kilomita sita, na sebule yangu ina mita nne. Kwa hiyo nimefupisha. Mombasa iko karibu na friji, Voi chini ya runinga, na Nairobi juu ya kabati la vyombo, ambako treni hufika ikiwa mama watoto hahitaji sahani. Moshi upo, wa matone ya mafuta maalumu. Ni mweusi. Mzee, usiseme kitu.

Huko Hamburg kuna mahali paitwapo Miniatur Wunderland, palipofunguliwa mwaka 2001, penye reli ya modeli kubwa kupita zote duniani. Nimewaandikia kuwajulisha kuwapo kwangu. Najua wana shughuli.

Sasa, vyeti vya ushiriki viko mezani, shilingi 200 pamoja na plastiki ya kufunikia. Mzee, njoo, chako nakuandikia mwenyewe: "Amehudhuria mhadhara wa utangulizi kuhusu injini za mvuke." Ukifaulu mtihani mwezi ujao utaingia daraja la pili, nami nitakuruhusu ushike vali ya modeli, kwa uangalizi wangu. Jina lako uliandike wewe hapo kwenye nukta. Na kalamu irudi, si yangu.