Sifa za Mkojo wa Mtoto wa Paka

Watunzi wa mwambao wamekwisha kuvisifu karibu vitu vyote vilivyostahili sifa, na vingi visivyostahili: wamesifu minazi na majahazi, asumini na mawaridi, macho ya wapenzi wao na majambia ya mabwana zao; walakini mkojo wa mtoto wa paka, ambao umelowesha mikeka ya mafakiri na mazulia ya matajiri pasipo upendeleo, sijapata kuona hata ubeti mmoja ulioushukuru. Kuiondoa dhuluma hiyo ndiyo kazi niliyojitwika, na ikiwa yuko asomaye haya hali unyayo wake mmoja umelowa, namwomba insafu.

Nasaba yake ni ya heshima. Katika majuma matatu ya mwanzo wa maisha yake, kinyau hawezi kujisaidia kwa hiari yake mwenyewe. Mama humlamba chini ya tumbo mpaka haja itoke, kisha huimeza, na malazi yakabaki makavu. Huo ni usafi usio kifani katika nyumba za wanadamu, ingawa sidhani yuko mzazi miongoni mwetu atakayetamani kuuiga. Yapata juma la tatu au la nne kinyau hupata uhuru wake, na, kama ilivyo desturi ya wengi wapatao uhuru ghafula, huanza kuutumia juu ya mali ya wengine.

Lakini wamsemao kuwa hana adabu hawasemi haki. Paka amezaliwa na hamu ya kufukua na kufukia, nayo hamu hiyo huamka kwa kinyau bila ya kufundishwa na mtu, mradi apate kitu cha kufukua. Paka wa shamba ana dunia nzima. Je, kinyau aliyezaliwa ghorofa ya tatu katika Mji Mkongwe wa Unguja, katika nyumba ya mawe na boriti ambayo ngazi zake humtoa pumzi hata mchukuzi wa magunia, atafukua nini? Udongo u mbali naye. Sakafu ni ya chokaa iliyopondwa ikashikana. Vitu laini vilivyomo ni godoro la sufi, kapu la nguo zilizokwisha kupigwa pasi, na mkeka wa wageni. Katika hivyo huchagua, na aghalabu huchagua kilicho bora.

Fadhila kuu ya mkojo huu, ambayo peke yake ingetosha kuutukuza, ni kwamba ni shahidi mwadilifu asiyekula rushwa. Penye tone lake pana taksiri ya mwenye nyumba iliyoandikwa dhahiri. Chombo cha mchanga kina kingo ndefu zinazomshinda mwenye miguu mifupi. Au kimewekwa kando ya sahani ya chakula, mahali ambapo hata sisi tusingekubali. Au kipo njiani pa mlango unaobamizwa kutwa. Au mchanga wake haujazolewa tangu juzi. Au paka ni watatu na chombo ni kimoja, na hali wajuzi wa wanyama hushauri kila paka awe na chake na kimoja kizidi. Na pale ambapo kinyau hurudiarudia kuchutama akatoa matone machache huku analia, ushahidi ni wa maradhi, na wa kupelekewa ni daktari wa mifugo. Akiwa dume naye hatoi kitu kabisa, asingojewe hata kesho.

Mwenye nyumba hulipokeaje neno hili la kweli? Humshika kinyau kisogoni, akamsugua pua katika majimaji yale, na kofi juu yake. Kinyau, asiyeweza kuunganisha kofi la sasa na haja ya saa moja iliyopita, hujifunza jambo moja tu, nalo ni kwamba binadamu si wa kuaminiwa. Tangu siku ile hukojoa nyuma ya kabati. Mkosaji amejihukumu kuwa hana hatia, na shahidi amepigwa.

Pili, mkojo huu huhuisha elimu ya dini katika majumba. Abu Huraira, sahaba mashuhuri, alipata lakabu yake kwa kumpenda kinyau, na Hadithi imempokea paka kuwa si najisi, kwa kuwa ni miongoni mwa wanaotuzungukazunguka. Walakini rehema hiyo imekomea katika mate yake na maji aliyoyabakiza. Katika madhehebu ya Shafi, mtoto mchanga mwanamume anyonyaye tu, mkojo wake hunyunyiziwa maji yakatosha. Kinyau naye hunyonya, lakini hakuhesabiwa. Basi msala ufuliwe mpaka najisi iondoke pamoja na rangi na harufu yake, na hapo kwenye harufu ndipo mtu anapotambua amekutana na nani.

Paka hutengeneza ndani ya mwili wake asidi ya amino ya pekee yenye salfa, iitwayo felinini, ambayo mabaki yake ndiyo yanayotia ukali; tena vijidudu huvunja urea ikawa amonia. Mkojo wa kinyau ni mwanafunzi tu. Dume lililobaleghe ndilo alimu. Kwa hiyo asafishaye kwa dawa yenye amonia humwandikia paka barua ya mwaliko, na amwagaye dawa ya klorini juu yake huweza kutoa mvuke wa kudhuru kifua. Yafyonzwe majimaji kwa kitambaa pasipo kusugua, kisha ipitishwe siki iliyochanganywa na maji, au dawa yenye vimeng'enya. Udi baada ya hapo ni wa wageni, si wa paka. Na wageni wenyewe, nikiri, huondoka mapema kuliko wangeondoshwa na jembe la siku ya tatu.

Mkojo huu umetajirisha watu pia. Mwaka 1947, huko Michigan, Marekani, Edward Lowe alianza kuuza udongo mkavu ufyonzao badala ya majivu na mchanga, akapata mali nyingi. Sisi tuna mchanga bure pwani, nao wamfaa kinyau kuliko ule udongo wa dukani unaogandamana, kwa kuwa yeye hula kila kitu. Sinia pana la kingo fupi latosha. Awekwe humo kila aamkapo na kila amalizapo kula, na uchafu uzolewe kila siku, wala asiuzoe mja mzito.

Kwa hiyo, ewe mwenye paka wa ghorofani, ukikanyaga majimaji alfajiri, usimsake mtuhumiwa uvunguni. Washa taa, chukua kitambaa na siki, kisha ukatazame mchanga wake ulizolewa lini.