Mbio za Herufi Tatu

Anayetaka mji mzima ujue kwamba amesoma humwaga ung'eng'e wa maneno marefu. Kwenye sendofu, kwenye mikutano ya wazazi na kwenye vipindi vya redio, neno la Kiingereza husifiwa kwa urefu wake, na msemaji aliyetamka silabi saba bila kujikwaa hupigiwa makofi hata na wale ambao hawakuelewa limetua wapi. Mimi nashikilia kwamba makofi hayo yanapelekwa kwa asiyestahili. Maneno marefu ya Kiingereza ndiyo mepesi. Neno "photosynthesis" lina kazi moja tu, ya majani na mwanga wa jua, na hata siku ya kiama halitakutwa likifanya kibarua kingine. Linalostahili kuogopwa ni lile dogo la herufi tatu, ambalo mtoto wa shule ya msingi huambiwa kwamba maana yake ni "kimbia", halafu mwalimu anafuta ubao na kuendelea na somo. Nalo ni "run".

Tuanze na ushahidi wa wenye lugha yao. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, lililotoka mwaka 1989, bingwa wa maana nyingi alikuwa "set", aliyepewa maana zipatazo 430 na maelezo ya maneno kama 60,000. Hiyo ni riwaya, tena isiyo na mhusika. Baadaye kamusi ilipokuwa ikiandikwa upya, mhariri Peter Gilliver alikabidhiwa "run". Alihesabu maana 645 za kitenzi peke yake, na kazi hiyo ilimchukua miezi tisa hivi, muda ambao wanadamu wengine huutumia kumleta mtoto duniani. Wala si balaa la juzi. Samuel Johnson, ambaye kamusi yake ilitoka mwaka 1755, alilipa "take" maana 134, na katika dibaji akalalamikia vitenzi vya jamii hii, "run" likiwamo, kwamba vimelegea mno kiasi kwamba havishikiki. Hakulalamikia maneno marefu. Hayo aliyafasili, akayapanga, akaendelea na chai yake.

Kitu cha kwanza kupotea ndani ya "run" ni miguu. Bomba la maji linakimbia, na pua ya mwenye mafua inakimbia ingawa haijatoka usoni. Shati jekundu likifuliwa pamoja na shuka jeupe, rangi ndiyo inayokimbia, na mwenye shuka ndiye anayebaki akihema. Mmarekani ataona uzi umefumuka kwenye soksi ndefu za kike naye atasema ni mbio. Mwingereza ataona kitu kilekile na kusema ni ngazi. Hata michezoni, ambako ungetarajia miguu irudi kazini, mambo ni yaleyale. Kwenye kriketi, mchezo ambao Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe lake la Dunia mwaka 2003, pointi huitwa mbio. Lakini mpigaji akiupiga mpira ukaserereka hadi kwenye mpaka wa uwanja, anaandikiwa mbio nne, na ukivuka mpaka bila kugusa chini anaandikiwa sita. Zote hizo anaweza kuzipata akiwa amesimama palepale, mkono kiunoni.

Siasa ndiyo imelifanyia neno hili visa zaidi. Mmarekani anayetaka urais anakimbia. Mwingereza anayetaka ubunge anasimama. Nafasi ni za kuchaguliwa, kura ni zilezile za sandukuni, lugha inadaiwa kuwa moja, ila huku mtu yumo mbioni na kule amejisimamia kama nguzo. Ukiwauliza, kila mmoja atakuambia kwamba lake ndilo la kawaida. Kisha yuko mgombea mwenza, ambaye kwa Kiingereza ni mwenzi wa kukimbia. Asili yake ni kwenye mashindano ya farasi: alikuwa farasi wa zizi lilelile anayeingizwa uwanjani kumwekea kasi mwenzake, ili mwenzake ashinde. Wagombea wenza hawapendi kukumbushwa jambo hilo. Kiswahili hakikutaka habari za farasi wala za nguzo, kilitazama kampeni zinavyokwenda kikaita kitendo chenyewe kugombea, na mimi sijaona lugha iliyosema kweli kuliko hapo.

Watakuwapo wataalamu watakaosema ninatia chumvi. Watasema maana zote hizo ni moja, yaani mwendo, na kwamba maji, rangi na makamasi kweli vinakwenda. Kwa hayo matatu nakubali. Lakini mwenye duka, ambaye kwa Kiingereza analikimbiza duka lake, amekaa kwenye kiti nyuma ya kaunta tangu asubuhi, na duka nalo halijasogea. Nyumba ikiishiwa sukari, Kiingereza kinadai kwamba wenye nyumba wamekimbia wakatoka nje ya sukari, wakati ukweli ni kwamba sukari ndiyo iliyoondoka na wao wamebaki na chai kavu. Mtu akiwa "run down" pengine amechoka, pengine kagongwa na gari, au kuna watu mahali wanamsema vibaya. Betri ikiwa hivyo imeishiwa nguvu, na jengo likiwa hivyo linahitaji fundi. Anayeweza kuuona mwendo mmoja ndani ya hayo yote amekwisha kukijua Kiingereza, na hahitaji tena kufafanuliwa.

Jibu la pili la wataalamu ni kwamba muktadha hufumbua kila kitu. Ni kweli, hufumbua, lakini kwa nani? Muktadha humsaidia mtu kuchagua maana moja kati ya kumi anazozijua. Mwenye maana moja hana cha kuchagua. Bosi Mwingereza akimwambia mfanyakazi mgeni kwamba anataka kulikimbiza wazo fulani mbele yake, akimaanisha tu kumwomba maoni, mgeni huyo, kwa adabu aliyolelewa nayo, atasogea pembeni apishe njia. Muktadha upo, ofisi ipo, bosi yupo, wazo tu ndilo halijapita.

Sababu ya mrundikano huu haina uchawi. Mwaka 1945 George Kingsley Zipf, mtafiti wa Kimarekani, alionyesha kwamba kadiri neno linavyotumika sana ndivyo linavyozidi kubeba maana. Neno lililo mdomoni kila saa hutumwa kila mahali, kwa sababu liko karibu. Kisha zikaja mashine. Treni, saa ya ukutani, kiwanda na baadaye kompyuta vyote vilihitaji kitenzi cha kuvifanya viwe kazini, na Waingereza wakamtuma aliyekuwa ameshazoea kutumwa. Kwetu gari linatembea na saa inatembea. Kwao vyote vinakimbia. Mwenye kusafiri kwa basi atajua ni lugha ipi imepatia.

Aliyethibitisha hoja yangu kuliko wote alikuwa anakusudia kuthibitisha kinyume chake. Mwaka 1930 C. K. Ogden wa Cambridge alitoa Kiingereza chake cha msingi, chenye maneno 850 tu, ili walimwengu wakijifunze kwa muda mfupi. Winston Churchill alikisifu hadharani kule Harvard mwaka 1943. Siri ya upunguzaji huo ilikuwa kwamba Ogden aliwafukuza vitenzi karibu wote akabakisha 18, na ni walewale wadogo: "get", "put", "take", "go" na ndugu zao. Kazi za waliofukuzwa zikagawiwa waliobaki, kwa kuwafunga vijineno kama "up", "out" na "with". Hapo kuvumilia kunakuwa "put up with", yaani, neno kwa neno, kuweka juu pamoja na. Mwanafunzi amepunguziwa orodha ya maneno, na mzigo wote umehamishiwa mahali ambapo orodha haionyeshi. Angeachiwa "tolerate", neno refu, la Kilatini, lenye sura ya ukali, angelijifunza mara moja akalala.

Limebaki pingamizi lenye uzito, nalo linatoka nyumbani. Nani anayemcheka Mwingereza? Si ni sisi tunaopiga simu, pasi, mswaki, kura, picha, magoti, deki na soga, na katika yote hayo hakuna aliyeumia? Na anayetembea na mke wa jirani, je, ametoka kwenda kunyoosha miguu? Pingamizi hili silikatai. Nasema tu kwamba "piga" letu lina uungwana fulani: linatembea na nomino yake, na nomino ndiyo inayotoa maelezo. Ukisikia "pasi" huna haja ya kuuliza nani amepigwa. Tena Kiswahili hufunga mabadiliko mengi mkiani mwa kitenzi chenyewe. Kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana: kila moja lina sura yake na ukiliona unalijua. Mkimbiaji na mkimbizi hawachanganywi, ingawa wote wawili wana haraka. Kiingereza huuacha mkia ukining'inia nje, vijineno viwili vitatu vinavyoweza kurukwa na jicho, na "runner" wao huenda akawa mwanariadha, au mtu wa kupeleka ujumbe, au zulia jembamba la kwenye korido.

Ila lipo neno moja ambalo mbele yake sina utetezi, na mpinzani wangu akilitaja nitanyamaza. Mwingereza anakimbiza kampuni, na Mwingereza huyohuyo akiharisha husema ana "the runs". Mtu angedhani ni wazungu peke yao wanaoweza kuweka ofisi na choo katika neno moja. Kumbe nasi tunaendesha kampuni, tunaendesha mikutano, tunaendesha magari, na mtoto aliyekula maembe machafu akifikishwa zahanati, mama humwambia daktari kwa ufupi kwamba mtoto anaendesha. Daktari hamuulizi leseni. Lakini mgeni anayejifunza Kiswahili, akipiga simu ofisini na kuambiwa kwamba mkurugenzi hawezi kuja kwenye simu kwa sasa kwa sababu anaendesha, ana haki ya kuuliza ni nini hasa, na sekretari ana haki ya kukata simu.